SIMU SI BIKONI
Somo: Kupima kiwanja kwa setilaiti



Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa Konza hapa kwetu Malili, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za Malili Ranch. Tangu hapo tumezoea kuona wapima ardhi wakitembea na fimbo ndefu yenye kichwa kama uyoga. Kile kichwa hupokea mawimbi ya setilaiti. Na kwa kuwa simu zetu nazo zina GPS, watu wengi wanauliza: si tupime wenyewe, tuokoe pesa?

Kabla ya kujibu, sikilizeni yaliyopata kikundi kimoja cha akina mama nilichokihudumia.

Walitaka kujenga ghala la nafaka kwenye shamba la mwanachama, karibu na mpaka. Bikoni ya kona moja ilikuwa imeng'olewa watu walipochimba matuta. Kijana mmoja akasema, "Msijali, mwaka jana niliiweka hiyo kona kwenye simu." Akatembea mpaka simu ikamwambia amefika, akapigilia kigingi. Msingi ukachimbwa, mawe yakapangwa, simiti ikamwagwa. Jirani akaja juu. Mpima ardhi mwenye leseni alipoitwa, akaanzia bikoni zilizobaki, akakuta msingi umeingia kwa jirani karibu mita tatu. Ghala likabomolewa kabla halijasimama, na zile nyumba mbili zilikaa miezi mingi bila kusalimiana.

Je, simu ilidanganya? Hapana. Ilifanya kazi yake kama kawaida. Sisi ndio hatukujua mipaka yake.

CHOMBO HUFANYAJE KAZI?

Setilaiti za GPS ni za Marekani. Huzunguka dunia kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikituma saa yake. Chombo chako huangalia mawimbi yamechukua muda gani kufika, ndipo kinajua umbali. Kikipata setilaiti nne au zaidi, kinajua kilipo. Siku hizi vyombo vingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na Uchina.

Lakini mawimbi hayo hucheleweshwa na hewa ya juu. Tena hugonga mabati, mwamba au mti, yakapinda njia. Kwa hiyo simu ya kawaida, hata mahali peupe, hukosea mita tatu hadi tano, na chini ya miti huzidi hapo.

Mpima ardhi naye hupataje sentimita mbili? Fikiria mizani ya sokoni. Ukiweka jiwe unalojua ni kilo mbili, na mizani ikasema kilo mbili na gramu mia, umejua mizani inazidisha. Basi kila mzigo unapunguza gramu mia. Mpima ardhi huweka chombo kimoja juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana kabisa. Chombo hicho hakisogei. Huona setilaiti zimekosea kiasi gani, kisha hutuma masahihisho kwa redio hadi kwenye ile fimbo. Siri iko kwenye alama inayojulikana. Bila hiyo, hata chombo cha bei kubwa kitakupotosha.

MITEGO MITATU

1. Ploti ndogo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 tu. Ukikosea mita tatu, umepoteza sehemu moja kwa tano ya upana wote.

2. Ramani na simu hazisemi lugha moja. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, lakini simu hutumia WGS84. Ukichukua namba za ramani ukazitafuta kwa simu bila kuzigeuza, utasimama kama mita 300 mbali na mahali penyewe!

3. Kimo. Kwa kwenda juu na chini, GPS hukosea zaidi. Usilaze bomba la maji wala kupanga ukuta wa bwawa la mchanga kwa kimo cha simu. Mpira wa maji unaopitisha mwanga, anaoujua kila fundi, ni wa kuaminika zaidi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Simu itumieni kuonyesha kisima kiko wapi, kukadiria ukubwa wa shamba kubwa, au kumwelekeza injinia. Mpaka mwachieni mpima ardhi mwenye leseni, na mwombeni awaonyeshe leseni yake. Akiwa kazini, waiteni majirani wote na wazee, waone kwa macho yao. Bikoni ikishawekwa, ilindeni, kwa sababu kuiharibu au kuihamisha ni kosa la jinai.

Mkipata alama za pembe, kazi iliyobaki ni ya kamba. Pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Mshazari ukiwa mita 5 kamili, kona yako imenyooka.

Na mkikosana juu ya mpaka, msikimbilie mahakamani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mgogoro wa mpaka huenda kwanza kwa msajili wa ardhi.

Kumbukeni pia: setilaiti inajua mahali ulipo, haijui shamba ni la nani. Hilo liko kwenye hati, kwenye bikoni, na katika ushahidi wa majirani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Bikoni za ploti ya kikundi chetu ziko wapi leo? Nani aliziona mara ya mwisho?
2. Tuna mradi gani karibu na mpaka? Jirani ameshirikishwa?
3. Tukichanga pesa za mpima ardhi sasa, tutaokoa nini baadaye?

Kabla ya mkutano ujao, nendeni pamoja mkazihesabu bikoni zenu.