Koti la wodini, ndoo ya hosteli
Jamani, tunajuana: umetoka wodini, koti jeupe linaingia ndoo moja na shuka na soksi, maji ya bomba, sabuni ya unga, kamba. Limetakata, basi! Kumbe bakteria wengine wameng'oka kwenye koti wakahamia kwenye shuka unalolalia.

Uingereza, mashine za hospitali hufua kwa nyuzijoto 65 kwa dakika 10, au 71 kwa dakika 3. Muuguzi anayefulia nyumbani huambiwa 60. Ndoo yetu je?

Basi koti lifue peke yake. Uchafu ukitoka, liloweke kwenye maji baridi yenye jiki (ya moto huipunguza nguvu), suuza, anika juani, piga pasi ya moto. Na kantini usiende nalo.