Kichwa Kilichogongwa Hakiharakishwi: Vidokezo 8 vya Kupona

Umeanguka na bodaboda kwenye mteremko wa Ipogolo, au mmegongana vichwa kwenye mechi Uwanja wa Samora hapa Iringa. Ukapimwa, hujavunjika popote, ukaruhusiwa kurudi nyumbani. Wiki ya pili sasa kichwa bado kinauma, mwanga unakukera, na ukitumwa dukani unasahau ulichofuata. Hujarogwa, wala hudeki. Ubongo ulitikisika, na una utaratibu wake wa kupona.

1. Zijue dalili za kukimbilia hospitali. Kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usioamshika, kuchanganyikiwa, maumivu yanayozidi, mkono au mguu kuishiwa nguvu, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Ukiona mojawapo, usingoje kukuche: nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au kituo cha karibu. Ikiwa ni ajali ya barabarani, ndugu mmoja afuatilie fomu ya PF3 polisi, mwingine abaki na mgonjwa.

2. CT scan ikitoka safi, shukuru, na usijilaumu kama bado unaumwa. Kipimo hicho hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko huvuruga utendaji wa seli za ubongo, na hilo halionekani kwenye picha. Maumivu yako ni ya kweli.

3. Pumzika siku 1 au 2, kisha inuka. Kujifungia chumbani wiki nzima huchelewesha kupona. Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walihimiza matembezi mepesi ndani ya saa 48 za mwanzo. Anza na njia tambarare za mtaani kwenu. Mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini uje baadaye, na kupanda jiwe la Gangilonga baadaye zaidi. Dalili zikipanda sana, punguza, kesho ujaribu tena.

4. Lala. Wengi humkeshesha mgonjwa wakihofia asizinduke. Daktari akishamchunguza na kumruhusu, usingizi ni tiba. Lala na uamke saa zilezile kila siku.

5. Simu na vitabu, kidogo kidogo. Mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au RUCU, soma dakika 15 au 20, pumzisha macho, kisha endelea. Mweleze mwalimu mapema ili akuongezee muda wa kazi zako.

6. Ulanzi usubiri. Pombe huongeza kizunguzungu, huharibu usingizi na huficha dalili za hatari. Na dawa za maumivu zimezwe kwa kipimo: ukizimeza kila siku kwa wiki nyingi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

7. Usigongwe tena kabla hujapona. Pigo la pili huweza kuwa baya kuliko la kwanza. Dereva mwenye kizunguzungu asipande pikipiki, hata kama hesabu ya bosi inadaiwa. Mchezaji aliyegongwa atoke uwanjani siku hiyohiyo, na arudi kwa ruhusa ya daktari. Tangu Julai 2024, sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji wa aina hiyo, kwa hiyo kocha asiogope kumtoa. Na helmeti ifungwe mkanda, isining'inizwe kwenye usukani.

8. Familia, mvumilieni; mgonjwa, rudi kwa daktari. Hasira za ghafla, machozi na kuchoka upesi ni sehemu ya ugonjwa. Punguzeni sauti ya redio, mgawane kazi zake, msimwite mvivu. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki chache. Mwezi ukipita bila nafuu, andika dalili zako kwenye daftari na uende nalo kliniki. Kizunguzungu, maumivu ya shingo, kukosa usingizi na wasiwasi kila kimoja kina matibabu yake, kuanzia mazoezi ya tiba hadi ushauri nasaha. Usizoee kuumwa: dai huduma hiyo, maana kupona bado kunawezekana hata baada ya miezi kadhaa.