FAHAMU SHERIA: Kabla hujafunga chochote kwenye mdomo wa bunduki yako ya .22

Mkazi mwenye cheti halali cha bunduki ndogo ya .22 huwa hana wasiwasi. Alituma maombi, akachunguzwa, akakubaliwa. Siku moja anaona kwenye simu kifaa kidogo cha chuma cha kufungwa mbele ya mtutu. Bei ni nafuu na muuzaji anaahidi kukileta hadi mlangoni. Anadhani ni pambo tu, kama ukanda wa kubebea bunduki. Kumbe kifaa hicho, kikiwa peke yake mkononi, kinaweza kuhesabiwa na sheria kuwa bunduki nyingine ambayo hana cheti chake.

Somo hili ni la wakulima, wanamichezo wa kulenga shabaha na familia zenye bunduki kihalali. Lengo ni kumsaidia mkazi asiipoteze leseni yake, au uhuru wake, kwa sababu ya kitu ambacho hakukihitaji.

Sheria inasema nini

Bunduki nchini Kenya zinasimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Sheria hiyo inakataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Wengi wanaijua sehemu hiyo. Wasichokijua ni maana ya neno "bunduki" katika sheria hiyo. Maana hiyo haiishii kwenye silaha nzima. Inajumuisha sehemu zake, na pia kifaa chochote cha ziada kilichoundwa au kurekebishwa ili kupunguza sauti au mwako wa kufyatua.

Kwa hivyo sheria haiulizi kifaa kinaitwaje, kinatoka wapi au kiligharimu pesa ngapi. Inauliza kinafanya kazi gani.

Vifaa vinavyouzwa, na tofauti zake

Bunduki ya .22 hutumia risasi ndogo ambayo kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati. Baruti yake ni kidogo, na kwa hivyo haimsukumi mpigaji sana. Kumbuka jambo hilo unaposoma maelezo haya.

1. Kifuniko cha hesi. Baadhi ya mitutu ina hesi mbele, yaani mistari ya kufungia kama ya nati. Kifuniko hiki huilinda isigongwe wala kushika kutu. Hakipunguzi sauti wala mwako.

2. Breki ya mtutu. Ina matundu ya kutoa hewa ya baruti pembeni ili bunduki isirudi nyuma kwa nguvu. Kwenye .22 faida yake ni ndogo mno, kwa kuwa msukumo wenyewe ni mdogo. Tena hewa inayotoka pembeni huongeza kelele kwa mpigaji na aliye karibu naye. Baadhi ya breki hutangazwa kuwa zinapunguza mwako pia, na hapo ndipo kifaa kinapogusa maneno ya sheria.

3. Kificha mwako. Hupunguza mwako unaoonekana risasi inapotoka. Hiki kimetajwa na sheria kwa kazi yake. Usikinunue bila idhini.

4. Kiwambo cha sauti, ambacho wengi hukiita sailensa. Hupunguza mlio kwa kuishika na kuipoza hewa ya baruti kabla haijatoka nje. Hiki nacho kimetajwa moja kwa moja. Hata kisipofungwa kwenye bunduki, kuwa nacho tu bila idhini ni kosa.

Jihadhari pia na vifaa vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la "vifaa vya kusafishia bunduki" ilhali umbo lake ni la kiwambo cha sauti. Jina lililoandikwa kwenye kifurushi si utetezi.

"Mbona ng'ambo wanaviuza?"

Ni kweli, sheria hutofautiana. Nchini New Zealand wawindaji wametumia viwambo vya sauti kwa miaka mingi kama kifaa cha kawaida. Nchini Marekani vimo chini ya sheria maalumu ya kitaifa ya mwaka 1934 inayotaka visajiliwe, na si kila jimbo linaviruhusu. Muuzaji wa huko anafuata sheria ya kwao. Kifurushi kikitua Kenya, sheria inayotumika ni ya Kenya, na mwenye kujibu ni wewe ambaye jina lako limeandikwa juu yake. Kuingiza bunduki nchini, au kitu kinachohesabiwa kuwa bunduki, kunahitaji kibali kabla ya kuagiza, si baada ya kuzuiliwa bandarini au uwanja wa ndege.

Jiulize maswali haya kabla ya kulipa

• Kifaa hiki kinapunguza sauti au mwako, hata kidogo? Kama ndiyo, au kama huna hakika, usikiagize.
• Je, idhini ninayo kwa maandishi? Neno la muuzaji au la rafiki wa uwanja wa shabaha halitoshi.
• Nani atakifunga? Kazi yoyote kwenye mtutu ipelekwe kwa mfanyabiashara wa bunduki aliyesajiliwa. Fundi wa kuchomelea si mahali pake. Kifaa kikikaa upande hata kidogo, risasi inaweza kukigonga na kumjeruhi mtu.
• Ninakihitaji kweli?

Unachohitaji hakifungwi kwenye mtutu

Wengi hutafuta kiwambo kwa sababu ya masikio. Sababu hiyo ni ya msingi, kwa maana mlio wa bunduki ndogo unaweza kukaribia desibeli 140, na masikio yaliyoharibika hivyo hayaponi. Lakini vipo vifuniko vya masikio kama vile vya mafundi wa mashine, na vizibo vya kuweka ndani ya sikio. Havihitaji cheti chochote. Anayesimama karibu nawe avae pia.

Zipo pia risasi za .22 zinazokwenda polepole kuliko sauti, ambayo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Hizo hazitoi ule mlio mkali wa risasi inayopita angani. Zinunue kwa muuzaji aliyesajiliwa, na usizidishe idadi iliyoandikwa kwenye cheti chako.

Wengine hutaka bunduki isiyosikika ili wawapige tumbili na nyani shambani. Tukumbushane: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na cheti cha bunduki si ruhusa ya kuua wanyamapori. Wanyama wakivamia mazao, piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Ikiwa tayari unacho

Usikitumie, usikiuze, usimpe mtu, wala usikitupe mahali ambapo mtoto anaweza kukiokota. Usikibebe kwenye matatu kwenda nacho kituoni bila kutoa taarifa, kwani ukipekuliwa njiani utakuwa na maelezo magumu. Zungumza kwanza na wakili, kisha mkubaliane na polisi namna ya kukisalimisha. Ukirithi bunduki ya mzazi aliyefariki, kague pia mabegi na makasha yake. Cheti kilikuwa cha marehemu, si chako, na hilo linahusu bunduki na kila kilichofungwa kwayo.

Uulize wapi

Serikali ya kaunti haitoi leseni za bunduki. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, usalama wa taifa na polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Maswali kuhusu cheti na vifaa yapelekwe kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, au uanzie kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Chukua picha ya kifaa na maelezo ya mtengenezaji. Usiende na kifaa chenyewe.

Jibu likichelewa, subiri. Bunduki ya .22 hupiga vizuri bila kitu chochote mdomoni, na kuuliza ni rahisi kuliko kujitetea mahakamani.