Mbegu haikuota, lakini karatasi inadai

Koperative inachukua mbegu ya mahindi kwa mukopo. Prezida anatia sahihi kwenye karatasi iliyoandikwa «billet à ordre»: tutalipa siku fulani. Mbegu haioti. Tunasema: hatulipi!

Kama anayedai ni muuzaji mwenyewe, tuko na neno la kujitetea: mbegu yako ilikuwa mbovu. Tusitupe mifuko yenye kubakia. Tuchukue mbegu 100, tuziloweshe kwenye kitambaa, tuhesabu zilizoota kisha siku 7, mbele ya mashahidi.

Lakini ile karatasi inatembea. Muuzaji anaweza kutia sahihi kwenye mugongo wake na kumupa mutu mwingine. Huyu, maneno ya mbegu hayamuhusu. Tutamulipa, halafu tumushitaki muuzaji kando. Ila tukionyesha kwamba aliipokea kwa kujua, ili atuumize.

Sahihi ya uongo inatuokoa hata mbele yake. Franga zikibadilishwa kisha sisi kusaini, tunalipa zile za kwanza. Na aliyesaini bila ruhusa ya koperative? Analipa yeye mwenyewe, kwa mali yake. Wengi wanashituka kusikia hivi. Karatasi yenye nafasi wazi, tusiisaini hata kama muuzaji ni rafiki.

Mbele ya kusaini, tuombe iandikwe «non à ordre». Hapo atakayeipokea anaipokea pamoja na matata ya mbegu.

Siku ya kulipa, anayedai aonyeshe karatasi yenyewe, na tukimaliza kulipa aturudishie, imeandikwa kwamba imelipwa.