Kitabu Kilicholala Berlin

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa Ibn al-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 687 wa Hijra, nao ni 1288, alikuwa tabibu na tena mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi. Alisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya, na al-Subki amemtaja katika Tabaqat zake. Basi asituambie mtu kuwa tibu si elimu ya watu wa vyuoni!

Jalinus alisema damu hupenya toka chumba cha kuume cha moyo hata cha kushoto kwa vitundu vya ukuta wa kati, na Ibn Sina akamfuata. Huyu, katika sharhi yake ya tashrihi ya Qanun, akakataa: ukuta ule ni mzito, hauna tundu, damu hwenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikaja kushoto.

Maneno haya yalisahauliwa karne nyingi, hata mwaka 1924 tabibu Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyasoma katika nakala ya mkono iliyowekwa maktabani Berlin. Lau nakala zingaliliwa na mchwa, nani angaliyajua?

Yeye mwenyewe nyumba yake na vitabu vyake aliviweka wakfu kwa hospitali ya Mansuri. Nasi? Nimeona sanduku la marehemu mmoja, warithi wakifungia njugu kwa karatasi zake. Niliokota moja: dawa ya homa, majina ya miti yapo, vipimo vimechanika.