Mdogo Wangu, Usinunue Ski kwa Rangi

Wiki hii kaniandikia binti aliyehamia Oslo mwezi wa nane. Wenzake kazini wamemwalika Pasaka kwenye nyumba yao ya mlimani, wakamwambia aje na ski zake. Ameona jozi ya mtumba, nyekundu, bei chee. Anauliza: “Dada, ninunue?”

Ngoja kwanza, mdogo wangu. Mimi yalinikuta. Baridi yangu ya kwanza hapa nilinunua jozi fupi inayometameta, na viatu vyake vigumu kama ndoo. Nikapanda treni namba 1 hadi Frognerseteren, nikatembee msitu wa Nordmarka kama wenyeji. Dakika kumi tu nimelowa jasho, visigino vimebanwa, kila hatua naburuza mguu kama mwenye pingu. Bibi mmoja mwenye mvi akanipita taratibu, akageuka, akasema kwa upole: “Hizo ni za kushukia mlima, mwanangu.”

Siku hiyo nilielewa. Kifuo na mbuzi vyote kazi yake nazi, ila hakuna anayekunia kifuo. Kwa hiyo usiulize kwanza “ski gani?” Waulize wenyeji wako: “Tunakwenda kutembea, au tunakwenda kushuka?”

Wakisema kutembea, unataka ski ndefu, nyembamba na nyepesi, zinazobana ncha ya kiatu tu ili kisigino kiinuke. Za mtindo wa kawaida humzidi mtu kimo kwa sentimita ishirini hivi. Zimepinda katikati kama upinde, na hapo chini ya mguu ndipo siri ilipo: pana kitu cha kushika theluji. Wazoefu hupaka nta, wakichagua kulingana na baridi ya siku. Wewe, mgeni, tafuta zenye ukanda wa manyoya. Yamelala upande mmoja kama ya paka: ukienda mbele yanateleza, ukisukuma nyuma yanashika.

Na hapa usione haya kutaja uzito wako wa kweli. Ski ikiwa ngumu kwako, upinde haugusi theluji ukikanyaga, nawe utateleza kurudi nyuma kwenye kila kilima. Ikiwa laini mno, itakwamakwama. Wauzaji wazuri hukusimamisha juu ya ski sakafuni, wakapitisha karatasi chini yake. Ukisimama kwa miguu yote miwili karatasi ipite. Uzito wote ukiutupa mguu mmoja, ibanwe.

Utaona pia wanaopiga hatua za pembeni kama wanateleza kwenye barafu. Ski zao ni fupi kidogo, ngumu, hazina cha kushika. Zinataka njia pana iliyotengenezwa, pamoja na mapafu ya farasi. Hizo ziache mwaka huu.

Kama nyumba iko juu kabisa, mahali pasipo njia iliyochongwa, uliza za milimani: pana zaidi, zenye kingo za chuma za kung'ata theluji ngumu.

Wakisema kushuka mlima penye lifti, hapo sasa ndipo zangu zile za kumetameta zilipostahili. Kisigino hubanwa, kingo ni za chuma, na kiuno chembamba ndicho kinachozikatisha kona. Fupi hugeuka upesi, ndefu hutulia kwenye kasi. Ndiyo maana wanaume wa mashindano ya kushuka kwa kasi huvaa zisizopungua sentimita 218. Wewe chukua zinazofika kidevuni. Zile pana kama ubao ni za theluji laini isiyokanyagwa. Zilizokunjwa juu mbele na nyuma ni za vijana warukaji. Kifungio kirekebishwe na fundi, maana ndicho kinachouachia mguu unapoanguka. Hapo pia, uzito wa kweli!

Na hela usizimwage bado. Vituo vya BUA nchini Norway huazimisha vifaa vya michezo bure. Azima, jaribu, anguka, ndipo ununue.

Ukiogopa kuwa wa mwisho, mkumbuke Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyeshindana kilomita 10 za ski katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, dakika ishirini hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri pale mwishoni, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Basi jozi nyekundu iache dukani mpaka wenyeji wako wajibu. Ila machungwa, maana Wanorway huyala Pasaka mlimani, usisahau kuyafunga kwenye mkoba. Hayo huliwa na wanaotembea na wanaoshuka.

Dada yenu.