Msimwage Saruji Kabla ya Kushuka Chini

Wadogo zangu mlionunua nyumba kuukuu za mbao huko Marekani, leo naomba tuongee taratibu. Najua vigae vimeshanunuliwa, na fundi ameshawaambia kwamba mabonde ya sakafu ya jikoni atayajaza kwa ile saruji ya majimaji inayojisawazisha yenyewe, kazi iishe. Tafadhali, asimwage hata ndoo moja kwanza.

Sisi wengi tumekulia juu ya zege, na zege halichezi. Sakafu ya mbao inacheza. Imelala juu ya boriti, mara nyingi zilizoachana inchi 16, na kila mtu akipita zinapinda kidogo. Msimu wa baridi, hita ikikausha hewa, mbao zinasinyaa. Joto likirudi zinavimba. Kigae hakiwezi kupinda nazo. Kinachofuata ni nyufa kwenye grauti, kisha ukikigonga kinaitika kwa sauti ya utupu.

Kwa hiyo anzieni chini. Kama kuna besimenti, shukeni na tochi, mtu mmoja abaki juu akitembea kwa kishindo. Mtaiona boriti inayobonyea, yenye ufa, au ile ambayo fundi bomba wa zamani aliikata apate njia ya bomba lake. Kisha chukueni bisibisi mchome mbao zilizo karibu na choo na chini ya sinki. Ikizama kama kwenye kiazi kilichochemshwa, mbao hiyo imeoza: inatolewa, haifunikwi. Boriti dhaifu hufungiwa nyingine mpya ubavuni. Mafundi wa huko wana kipimo chao: chini ya mzigo iliopangiwa, boriti isipinde zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake, na kama mnaweka mawe ya asili, sehemu moja ya 720. Yaani, kwa vigae vya kawaida, boriti ya futi 12 isishuke zaidi ya inchi 0.4.

Mkirudi juu, kuna jambo nawasihi kwa moyo wote. Nyumba za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9 na gundi nyeusi chini yake. Msikwangue, msipige msasa. Huenda kuna asbestosi, na vumbi lake huleta saratani. Vipimeni maabara kwanza, hata kama wageni wa harusi wanakuja wiki ijayo.

Mbao zinazolia zikazeni kwa skrubu, maana msumari hulegea ukapanda. Juu yake plaiwudi, mkiacha mwanya wa inchi 1/8 kati ya karatasi na karatasi.

Hapo sasa ndipo mpime usawa, na pimamaji isiwatie wasiwasi. Nyumba ya miaka mia imeshaegemea upande, na kigae kinakaa vizuri kwenye sakafu iliyoinama kidogo. Kisichovumilia ni vilima na mashimo. Lazeni ubao ulionyooka wa futi 10. Tofauti isizidi inchi 1/4, na kwa vile vigae vikubwa mnavyovipenda, vyenye upande wa inchi 15 au zaidi, isizidi 1/8. Vilima pigeni randa, mabonde ndiyo mjaze. Pakeni kwanza rangi ya kushikisha, mzibe kila tundu, la sivyo saruji yote itawadondokea besimenti. Someni mfuko: saruji nyingine hudai wavu juu ya mbao.

Karatasi za saruji zinazowekwa chini ya kigae haziongezi nguvu ya sakafu, hata muuzaji aape. Nazo zinataka gundi ya vigae chini yake, si skrubu tupu.

Na kabla ya yote hayo kupanda juu, pimeni milango, na mashine ya kuosha vyombo itoeni mahali pake. Sakafu ikiinuka mbele yake, siku ikiharibika hamtaweza kuichomoa bila kuvunja kaunta.